Mng'arishaji wa saa za msiba

Saa mbili asubuhi gurudumu la kitambaa linaanza kuzunguka nyuma ya duka la Dombek, Mtaa wa Clinton, mjini Buffalo. Bernadette Kulpa amefunga nywele kwa leso na kuvaa barakoa na miwani mikubwa. Mikononi ameshika kikombe cha misa cha parokia ya jirani. Anakigusisha kwenye gurudumu taratibu, anakitoa, anakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, anakirudisha.

Nje mvua yenye theluji inapiga kioo, ingawa ni mwisho wa Aprili. Ndani, karibu na mlango wa stoo, limesimama kabati jipya la vioo ambalo bado limo kwenye maboksi yake. Wateja huweka makoti juu yake.

Kabati hilo lilinunuliwa ili lichukue nafasi ya benchi la kazi la Bernadette. Lilikuwa lifunguliwe wiki ya Pasaka. Pasaka imepita.

"Kila asubuhi nalisalimia," anasema. "Nalo kimya. Nasema haya, leo tena tumo wote wawili."

Bernadette ana umri wa miaka 58. Si fundi saa, na hilo hulisema kabla hajaulizwa. Fundi ni Ray Dombek, mwenye duka. Ray akishaitoa mashine ya saa, Bernadette hupokea kasha na mkanda, akaondoa mikwaruzo na kurudisha mng'aro. Alianza akiwa na miaka 19, akifundishwa na marehemu baba yake Ray.

Kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa saa za jina moja, Orvane, zitokazo Uswisi. Kiwanda cha chuma kilichokuwa kando ya ziwa kilimpa kila msimamizi saa ya Orvane alipotimiza miaka 25 ya kazi. Kiwanda kilifungwa. Saa zilibaki mikononi mwa wazee, na wazee walibaki mitaa hii.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ambayo watu wa hapa huifuata bila kuuliza ilitoka wapi. Msimamizi akifariki, mtoto wake mkubwa huvaa saa ile siku ya kuaga mwili, akasimama nayo kando ya jeneza. Haivaliwi na mikwaruzo. Familia huileta dukani mara tu baada ya kumpigia padri simu.

"Wengine walianza na sisi," anasema Ray. "Padri anaweza kungoja. Bernadette ana foleni."

Siku hizo ziliingia Orvane kumi au kumi na mbili kwa wiki, za msiba, za harusi na za kustaafu. Sasa zikija mbili kwa mwezi ni nyingi. Bernadette analipwa dola 19 kwa saa, na saa zake za kazi zimepungua kutoka arobaini kwa wiki hadi kumi na sita. Siku nyingine hung'arisha vikombe vya misa, vitasa vya milango na makombe ya timu za kuteleza kwenye barafu. Alhamisi hupiga deki ukumbi wa parokia.

Kazi haikukimbia kwa sababu watu wameacha kufa. Ilikimbia kwa sababu wakusanyaji wa saa walibadili mawazo.

Chama chao hukutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi katika ukumbi huohuo anaoupiga deki. Hutandika kitambaa cha kijani mezani, kila mmoja akaweka saa yake, zikazungushwa mkono kwa mkono. Zamani Orvane ilikuwa mgeni wa heshima mezani hapo. Ilikuwa saa ya wanaume waliofanya kazi.

Kisha kampuni ikabadilika. Ikafungua maduka ya marumaru, ikaacha kuuza saa kwa kila aingiaye, ikaanzisha foleni. Mtu alisubiri miaka. Wapo walionunua mikufu wasiyoitaka ili jina lao lisogee mbele. Wakiipata ile saa, waliipiga picha wakiwa wameshika usukani wa gari.

Chama kiliwachukia. Kikawaita wanafoleni, na kikatunga kanuni: Orvane mpya haiwekwi mezani. Mwenye kuivaa akaribie, ale keki, lakini ashushe mkono wa shati.

Chuki hiyo ikazaa pendo upande wa pili. Ili wasifanane na wanafoleni, wanachama wakaanza kutafuta Orvane za zamani, tena zile ambazo hazijaguswa. Mkwaruzo ukawa heshima. Kingo kali za kasha, kama zilivyotoka kiwandani, zikawa ndizo zenye bei. Saa iliyong'arishwa ikawa saa iliyoharibiwa, na kwa kuwa karibu zote za mji huu ziling'arishwa na mtu mmoja, jina lake likawa neno la lawama.

Bernadette analikumbuka alipolisikia mara ya kwanza, Ijumaa moja ya Kwaresima, kwenye chakula cha samaki wa kukaanga parokiani.

"Nimesimama na sahani yangu. Nyuma yangu mtu anamwambia mwenzake, usiinunue ile, imepita kwa Bernadette. Nikageuka. Nikamwambia, ya baba yako nayo ilipita kwa Bernadette, na ulinishukuru ukilia."

Hasemi kwamba wakusanyaji ni waongo. "Nikisugua, chuma kinatoka. Kweli kabisa. Kinaingia kwenye barakoa yangu. Lakini saa ile haikuletwa hapa iuzwe. Ililetwa ivaliwe."

Januari, Ray alimwambia kuwa benchi litaondoka baada ya Pasaka. Alimwambia kwa upole, wakiwa wawili. Bernadette hakubishana kuhusu mshahara. Alimweleza jambo moja.

Baba yake, Chester Kulpa, ana miaka 91. Alikuwa msimamizi kwenye tanuru, na sasa anaishi katika nyumba ya wazee inayosimamiwa na masista. Orvane yake iko mkononi na haijawahi kuguswa. Miaka mingi iliyopita alimfanya bintiye aahidi kwamba siku yake ikifika, saa hiyo ataing'arisha yeye mwenyewe, si mwingine, na kuivaa. Bernadette ni mtoto wa pekee.

Mota ya gurudumu imefungwa kwa boliti sakafuni, na bomba la kunyonya vumbi limepita ukutani. Mwenye nyumba anakopanga Bernadette haruhusu hata mashine ya kufulia. Benchi likiondoka, ahadi inaondoka nalo.

"Nilimwelewa," anasema Ray. "Lakini nilimwambia, Bernie, siwezi kuweka benchi zima kwa ajili ya saa moja."

Kabati likaagizwa. Likafika wiki ya Jumatano ya Majivu.

Katika wiki ya pili ya Kwaresima alifariki Mzee Florian Zawada. Naye alikuwa msimamizi. Mwanawe mkubwa, Leonard, mstaafu wa posta, ndiye mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji na ndiye aliyetunga ile kanuni ya kushusha mkono wa shati.

Leonard alikuja dukani Jumatano. Maziko yalikuwa Jumamosi. Alitoa leso mfukoni, akaifungua juu ya kaunta. Ilikuwa Orvane ya baba yake. Kioo kilikuwa na ukungu na mikwaruzo ilijaa mwili mzima, lakini kingo zilikuwa kali zote nne. Ray anasema hajaona nyingine ya namna hiyo mjini. Mtu wa Chicago alikuwa ameshapiga simu kuiulizia, mzee hata hajavalishwa.

Kwa maelezo ya Bernadette na ya Leonard mwenyewe, hakuzunguka. Mama yake anataka saa ing'ae. Yeye hataki iguswe.

"Ioshe tu," alimwambia Bernadette. "Sabuni na brashi. Mama akikuuliza, mwambie umeing'arisha. Macho yake siku hizi hayaoni sana."

Bernadette alimuuliza: "Nimwambie lini, Leonard? Kabla ya Komunyo au baada?"

Leonard hakucheka. Alimwambia kuwa yeye si adui yake. Akiiacha saa hii bila kuigusa, atalieleza jambo hilo mezani, na jina la Bernadette litasafishwa. Wanachama wataanza kumletea saa za kuosha, maana kuosha hawakukatazi. Yeye mwenyewe angezungumza na Ray. Benchi lingebaki.

Alijua habari za Mzee Chester. Mitaa hii kila mtu anajua saa iko mkononi mwa nani.

"Sitakuficha, lilinigusa," anasema Bernadette. "Nilirudi nyumbani nimekasirika. Sikumkasirikia yeye. Nilijikasirikia mimi, kwa sababu pale kaunta, kwa muda, moyoni nilikuwa nimeshakubali."

Alichomjibu Leonard kilikuwa kifupi. Saa ni ya mjane mpaka mzee azikwe. Amlete mama yake aseme mwenyewe. Akisema ioshwe, itaoshwa. Akisema ing'arishwe, itang'arishwa. Lakini yeye, Bernadette, hatasema neno ambalo si kweli.

Kesho yake Mama Wanda Zawada, mwenye miaka 87, aliingia dukani akisukuma kigari chake cha kutembelea, magurudumu yamejaa theluji. Leonard alikuwa nyuma yake ameshika mkoba. Ray alimpa kiti. Mama alikaa bila kuvua kofia.

Leonard alimweleza yote. Alieleza kingo, uso wa chuma, na kwamba kikishaondoka hakirudi. Alieleza kuwa thamani yake ingeshuka hadi theluthi. Alisema pia kwamba mikwaruzo ile ni maisha ya baba, na kuifuta ni kumfuta baba. Ray anasema sauti yake ilipofika hapo ilikatika, na hakuwa akiigiza.

Mama Wanda alisubiri.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, mama."

"Baba yako alitoka kiwandani mweusi kila siku. Nguo alivulia chumba cha chini ya nyumba, akaoga hukohuko, ndipo akapanda jikoni kwangu. Hakuwahi kuingia kanisani na uchafu wa kazi. Jumamosi hataanza."

Mama akamgeukia Bernadette. "Na wewe usiisugue kama sufuria."

Leonard aliomba kitu kimoja tu, kingo zilindwe. Bernadette alimwahidi kuzifunika kwa utepe, kama alivyofundishwa na marehemu Dombek, lakini alimweleza kuwa kidogo kitaondoka. Leonard aliuliza ni kidogo kiasi gani. Bernadette alimwambia ni kama kinachotoka ukikata kucha mara moja.

Gurudumu lilipoanza kulia, Leonard alitoka. Ray alimwona kupitia dirisha akiwa amesimama uani, theluji ikimwangukia mabegani. Koti lake alikuwa ameliacha juu ya kabati.

Mama Wanda hakusogea. Alitoa rozari, akasali huku kazi ikiendelea, na Bernadette anasema hajawahi kung'arisha saa kwa utulivu ule.

Siku ya kuaga, wanachama walikuja karibu wote. Waliopanga mstari walimpa mjane pole, kisha wakafika kwa Leonard, na macho yao yakashuka kwenye mkono wake wa kushoto. Saa iliwaka chini ya taa. Mmoja alikohoa.

Wa mwisho katika mstari alikuwa Corinne Hatch, muuguzi wa hospitali ya watoto. Corinne ni mwanafoleni. Alisubiri Orvane yake miaka mitatu na kuinunua kwa zamu za ziada, na kwa miaka miwili alikuwa akikaa kiti cha mwisho kwenye mikutano, mkono wa shati umeshushwa hadi kwenye vidole. Alimshika Leonard mkono, akaugeuza kidogo kwenye mwanga.

"Imependeza," alimwambia. "Baba yako amependeza."

Mkutano uliofuata, Leonard alifika na saa ile mkononi. Waliokuwapo wanaeleza kwamba aliivua, akaiweka katikati ya kitambaa cha kijani. Ikazungushwa. Ilipomfikia mwanachama mmoja mkongwe, alishindwa kujizuia.

"Bwana Mwenyekiti, mbona hii imepita kwa Bernadette?"

"Imepita," alijibu Leonard. "Nami nilikuwepo."

Kisha akatazama kiti cha mwisho. "Dada Corinne, pandisha huo mkono wa shati. Utachoka bure. Leta saa yako hapa tuione."

Hapakupigwa kura wala kanuni haikufutwa. Haikutajwa tena, basi. Yule mwanachama mkongwe hajarudi tangu siku hiyo. Anawaambia watu kuwa msiba umemlainisha Leonard ubongo. Wengine wanasema hawakuwahi kuwachukia wanafoleni, walikuwa wakitania tu. Corinne anawasikiliza.

"Walikuwa wakitania," anasema. "Shati zangu tatu zimelegea mikono kwa utani wao."

Leonard mwenyewe, alipoulizwa kama mawazo yake kuhusu Orvane na mashabiki wake yamebadilika, alifikiri kabla ya kujibu. Alisema bado haoni haja ya mtu kununua mkufu ili apate saa. "Lakini nilikuwa nikimcheka anayetaka saa yake ing'ae mbele za watu. Sasa mimi nimesimama mbele za watu. Nilitaka ing'ae."

Kilichofuata hakikutarajiwa na Bernadette. Kila mtu aliyeifanyia saa kazi hukwaruza alama yake ndani ya mfuniko wa nyuma, mahali asipopaona mvaaji. Ya Bernadette ni msalaba mdogo na mwaka. Siku hizi wakusanyaji wanakuja kumwomba Ray afungue mifuniko ili waitafute. Mtu mmoja ameweka tangazo mtandaoni la Orvane ya zamani na kuandika, kama sifa, kwamba iling'arishwa Buffalo kwa msiba na kwamba msalaba upo.

"Mwaka jana alama yangu ilikuwa doa," anasema Bernadette. "Mwaka huu wanaitafuta kwa tochi. Chuma ni kilekile."

Kazi imeongezeka kidogo. Mwezi huu zimeingia Orvane saba. Tatu zilikuwa za misiba, nne za watu wanaotaka mng'aro wa Buffalo na hawajafiwa na mtu. Hizo nne Bernadette alizirudisha. Aliwaambia wenye nazo wangoje.

Ray alikunja uso aliposikia, maana ni pesa imetoka mlangoni. Bernadette alimwambia kuwa amezoea kuharibu saa kwa sababu, hawezi kuanza kuziharibu bila sababu.

Corinne naye alipita wiki iliyopita, lakini si kwa ajili ya kazi. Alivua saa yake, akamwonyesha mkwaruzo wa kitanda cha mgonjwa na mwingine wa mlango wa lifti.

"Usiiguse," alimwambia. "Binti yangu ndiye atakayekuletea."

"Ana miaka mingapi?"

"Saba."

"Basi atamkuta mwingine hapa."

"Mfundishe huyo mwingine, mama."

Bernadette alicheka hadi akavua miwani.

Kuhusu benchi, Ray hajaahidi chochote. Kabati limeshalipiwa, na anasema atalifungua wakusanyaji wakishachoka na mtindo huu mpya. "Hawa watu hugeuka kama hali ya hewa ya ziwani. Nangoja upepo." Alipoulizwa atangoja mpaka lini, alisema bado hajapata bisibisi ya kufungulia maboksi. Duka lake lina bisibisi ukuta mzima.

Kila Jumapili baada ya misa Bernadette hupanda basi kwenda kwa baba yake, na kwenye mkebe humpelekea pierogi, maandazi ya Kipolandi ya kuchemsha yaliyojazwa viazi na jibini. Mzee Chester hanyanyuki tena bila msaada, lakini hunyoosha mkono wenye saa mlango unapofunguliwa, ili bintiye aone kwamba inatembea. Wakusanyaji wawili wameshafika mpaka hapo kumbembeleza auze. Aliwauliza kama wanataka na mkono pia.

Jumapili iliyopita alimuuliza bintiye swali ambalo humuuliza tangu Januari.

"Benchi bado lipo?"

"Lipo, baba."

"Basi mimi sina haraka."

Bernadette anamaliza kikombe cha misa, anakifuta kwa kitambaa laini, anakifunga kwenye taulo. Anazima gurudumu. Linaendelea kuzunguka peke yake kwa muda, likipungua.

Anasema mpango wake si mkubwa. Akipatikana kijana wa kumfundisha, atamfundisha. Wakusanyaji wakiipenda kazi yake au wakiichukia tena, hilo ni lao. Ombi lake analipeleka kwingine, asubuhi na jioni, nalo ni lilelile.

"Siombi benchi libaki milele," anasema. "Naomba libaki siku moja baada ya baba."